Haki Inayoombwa Dirishani

Mama yangu mdogo amepita miaka sabini, anaishi Mbagala, na presha yake haisubiri kikao cha mtu. Majuzi alikwenda hospitali moja ya umma. Ukutani palibandikwa tangazo la kumpisha mzee apate huduma kwanza, na kweli alipishwa. Dirishani akaulizwa barua ya serikali ya mtaa ya kuonyesha kwamba hana uwezo. Hakuwa nayo, na mtendaji alikuwa kikaoni. Kesho yake akarudi na barua yenye muhuri. Akamwona daktari bure, akaandikiwa dawa bure, kisha dirisha la dawa likamjibu: hizi hatuna, kanunue nje. Nje ni duka la dawa linalotazamana na geti, na pale barua ya mtendaji haisomwi.

Hilo ningelimeza, tumeshazoea. Lililonikaa rohoni lilitoka jioni, barazani kwenye kahawa. Mstaafu mmoja, mtu wa heshima zake, alisikiliza kisa chote, akaweka kikombe chini, akasema: "Cha bure hakithaminiwi, bwana. Watu wachangie, ndipo watajali afya zao." Wenzake wakaitikia. Mimi nilikaa kimya kwa adabu, na insha hii ndiyo jibu langu.

Haki, tuseme, ni kile ambacho mtu anastahili kwa kuwa ni mtu. Wanafalsafa wana maana ndefu kuliko hii, tuwaachie. Ninachouliza ni nani anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 11, inataja haki ya mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee na maradhi. Ibara ya 7 inaongeza kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Kwa hiyo mama mdogo ana haki ambayo hawezi kuidai mahakamani, lakini ili aipate dirishani anatakiwa kuleta ushahidi. Serikali haiulizwi kwa nini rafu ni tupu. Anayeulizwa ni yeye: una hakika wewe ni maskini?

Mji huu wa Dar es Salaam haukuanza jana kumhoji mgonjwa. Wajerumani walikamilisha hospitali ya Ocean Road mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walipata yao kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara ya Bagamoyo, na hadi leo jengo moja la Muhimbili linaitwa Sewahaji. Waingereza wakaugawa mji kanda tatu kwa rangi za watu, uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Afya ya nani? Magomeni na Temeke zilipopanuliwa kwa ajili ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili, Oysterbay ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliingia kwenye hesabu za afya kwanza kama mtu anayeweza kuambukiza wengine.

Baada ya Azimio la Arusha tulijaribu njia nyingine. Mwaka 1977 matibabu ya kibiashara yalipigwa marufuku. Mwaka 1991 yakarudishwa. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama. Zahanati za miaka ya themanini nyingi zilikuwa na kadi na benchi tu, silikatai hilo. Lakini mgonjwa hakuulizwa kwanza ana kiasi gani.

Sasa turudi kwa mstaafu wetu. Yeye mwenyewe anatibiwa kwa kadi ya bima. Katika utumishi wake, nusu ya mchango ililipwa na mwajiri, mwajiri ni serikali, na serikali inakula kodi ya sabuni na sukari anayonunua mama mdogo. Anapofika dirishani hatoi hata senti. Je, haithamini huduma hiyo? Anaithamini sana, na kadi yake anaitunza kuliko picha za harusi. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba cha bure kimemharibu yeye. Siku zote kimewaharibu wengine.

Halafu neno "kuthamini" hapa linabeba nini? Hakuna anayeamka alfajiri akapanda daladala la Rangi Tatu akiwa amesimama, akaketi kwenye benchi la mbao hadi adhuhuri, kwa sababu sindano ni starehe. Nauli amelipa. Kibarua cha siku hiyo amekikosa. Vitumbua vyake havikukaangwa. Kama hizo si gharama, basi gharama ni ile tu inayokatiwa risiti.

Tazama chanjo. Hailipiwi, na akina mama wa Buza na Tandale wanapanga foleni na watoto mgongoni, kadi za kliniki zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni zisilowane. Tena jambo hili limepimwa. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walikwenda kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakatoa vyandarua bure kwa baadhi na kwa bei ndogo kwa wengine, na mwaka 2010 wakachapisha matokeo. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua walipungua kwa pointi 60 katika kila mia. Na waliopewa bure hawakuwa wavivu wa kuvitundika kuliko walionunua. Bei haikuwafundisha watu kujali. Iliwapunguza tu.

Wanaotetea uchangiaji nao wana hoja za haki. Fedha hazitoshi, ingawa wakuu wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ni kweli kwamba makusanyo ya dirishani hununua glavu. Hizo wajibizane wenye hesabu.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni ugonjwa unaotibiwa bure, kifua kikuu, na hapa msomaji anivumilie. Miaka ya 1950 serikali ya Kanada ilipeleka meli iitwayo C.D. Howe kwenye pwani za barafu kuwapiga Wainuit, wenyeji wa huko, picha za vifua. Wengi waliokutwa na ugonjwa walichukuliwa moja kwa moja, bila hata kushuka kuaga, wakalazwa kusini, wengine katika mji wa Hamilton. Kufikia mwaka 1956 karibu Muinuit mmoja kati ya saba alikuwa kwenye hospitali za kusini. Wapo waliofia huko na ndugu wasiambiwe kaburi liko wapi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Justin Trudeau, aliwaomba radhi mwaka 2019. Huduma ilikuwa bure kabisa, lakini waliopewa hawakuulizwa wanataka nini.

Sisi tulipita njia bora. Tangu mwaka 1977 mpango wetu wa kifua kikuu, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ulijenga utaratibu wa dawa za bure na usimamizi wa karibu, na Shirika la Afya Duniani likaueneza miaka ya 1990. Leo mkazi wa Mbagala mwenye kifua kikuu hapewi jibu la kanunue nje. Kwa nini yeye, na si mwenye presha? Nashuku ni kwa sababu anakohoa ndani ya daladala. Presha haimwambukizi mtu wa Oysterbay. Kama ni hivyo, mantiki ya Mnazi Mmoja bado inaishi, na dawa inafika kwa uhakika pale tu palipo na hofu. Au labda hofu ni mlinzi mzuri kuliko Katiba, nasi tuishukuru. Sijui, na jibu hilo silipendi.

Sijui pia kama inawezekana kuondoa barua ya mtaa bila tajiri naye kupita bure. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na inasema asiye na uwezo atalipiwa. Lakini lazima kwanza atambuliwe. Ninachoomba ni kidogo. Dirisha lisilo na dawa nalo lidaiwe barua yenye muhuri: inayosema dawa gani haipo, tangu lini, na kwa sababu ya nani.