"Kuzaa Si Kazi" Haikusemwa kwa Mama Aliyepasuliwa

Mama akishatoka chumba cha upasuaji, kidonda kingali kibichi, wageni huanza kumiminika na sabuni, uji na methali. Inayotangulia mara nyingi ni hii: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Anayeisema huwa na nia njema, anataka mzazi aangalie mbele. Lakini kwa mwanamke aliyeshinda na kukesha na uchungu, mwisho akaishia kwenye kisu, maneno hayo humfikia kama amri ya kunyamaza. Na zipo ndimi mbaya zaidi, zinazoongeza kwamba huyu hata kuzaa hakuzaa, alipasuliwa tu.

Hapo methali imetumiwa vibaya, tena vibaya sana.

Minembwe iko kwenye nyanda za juu za Fizi, mashariki mwa Kongo, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko kuzaa ni kazi hata kwa wasiozaa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba uchungu ukishakolea, hatua ya kwanza kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mzazi wa mara ya kwanza, na kusukuma hakuzidi saa 3. Saa hizo zikipita, kichwa cha mtoto kikiwa kimekwama nyongani, mama midomo imemkauka na sauti imemwisha. Ndipo vijana wanaitwa, kipoyi, yaani machela ya kubebea mgonjwa, kinatandikwa blanketi, na safari ya hospitali inaanza kwa miguu, wabebaji wakipokezana mabegani kwenye tope na miteremko. Huku njiani, kichwa cha mtoto kinazidi kubana kibofu. Nyama iliyobanwa ikikosa damu hufa, na tundu linalobaki ndilo fistula, ugonjwa wa kuvuja mkojo mchana na usiku.

Akifika na kuchomwa ganzi ya mgongoni, anabaki macho. Maumivu hayapo, ila anasikia mikono ikivuta na kusukuma ndani ya tumbo lake, meno yakigongana kwa kutetemeka, masikio yakingoja kilio kimoja tu. Kesho yake anainuliwa atembee. Mkono mmoja umeshika ukuta, wa pili umeshika kidonda, na anaogopa kukohoa. Nani atamwambia huyu hakufanya kazi?

Wapo wazee wanaoishika methali hii neno kwa neno, na hoja yao ina uzito. Vita vimewaachia bibi na mashangazi wengi wa Fizi watoto wasiowazaa, nao wanawalisha, wanawasomesha, wanawafunza adabu. Methali inawavika hao heshima ya uzazi, na hakuna wa kuwanyang'anya. Ila kumpandisha mlezi hakuhitaji kumshusha mzazi. Waswahili husema pia kutoa ni moyo, si utajiri, na hakuna aliyewahi kuielewa kwamba mtu hutoa akiwa mikono mitupu. Ni namna ya methali zetu kukana jambo moja ili lile la pili lisikike.

Anayekanwa ni nani basi? Ni mwenye majivuno. Ni yule mwanamume anayehesabu watoto barazani ilhali hajui wamekula nini, maana baba naye husemwa amezaa. Huyo ndiye aliyeambiwa kuzaa si kazi. Kumtwisha maneno hayo mwanamke aliye kitandani ni kumwadhibu kwa kosa la mwingine.

Tena malezi hayangoji kitovu kikatwe. Tunasema kulea mimba, na tunasema kweli. Mama anayekubali kupasuliwa ili mtoto apone amekwisha kulea, kabla hata hajamwona. Na mume anayechelewesha upasuaji akingoja ruhusa ya ukoo, au anayefika mwezi wa tisa bila akiba huku simu yake haikosi vocha, huyo malezi yamemshinda mapema.

Kudharau kupasuliwa si mila ya kale pia. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Uganda ya leo, mmisionari wa Uingereza Robert Felkin alimwona mganga akimpasua mwanamke wa uzazi wa kwanza. Pombe ya ndizi ilitumika kumlevya mgonjwa na kunawia mikono na tumbo. Jeraha lilibanwa kwa pini za chuma zilizofungwa kwa nyuzi za gome. Mama na mtoto walipona, na Felkin alichapisha habari hiyo mwaka 1884. Mkono uliofanya kazi ile ulikuwa na ujuzi wa muda mrefu, na watu walioutunza ujuzi huo waliuona uzazi mgumu kuwa jambo la kukabiliwa.

Malezi yana upande wa jamii vilevile, na hapo aibu ni yetu sote. Daktari Denis Mukwege wa Kongo alikwenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake kwa sababu ya wajawazito aliowaona hospitali ya Lemera, milimani Uvira, wakifika wamechelewa. Hospitali hiyo ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 2020 Madaktari Wasio na Mipaka waliondoka eneo la Fizi baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa mara kwa mara. Nchi inayowafukuza waganga haiwezi kujisifu kwamba inalea.

Makanisani Minembwe na mjini Baraka wanaijua habari ya Raheli, aliyeshikwa na uchungu mzito njiani kwenda Efrata. Akiwa anakata roho alimwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yake. Yakobo akambadilisha jina, akawa Benyamini. Lakini Maandiko hayakulifuta jina la kwanza. Yamehifadhi neno la mama pamoja na la baba.

Basi ukienda kumtazama aliyepasuliwa, mwanzie kwa pole na kazi, umwache asimulie mpaka amalize. Mengine ya kulea yatafuata. Familia ziweke akiba na ziwapange wabebaji kabla ya mwezi wa nane. Na wenye silaha kwenye njia za Minembwe, Fizi na Baraka, wa upande wowote ule, wakipishe kipoyi.