Nyota ya Suleiman Haifai Wala Haidhuru

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, huulizwa mara nyingi: ile nyota ya pembe tano au sita iandikwayo katika hirizi na kuitwa Khatam Suleiman, ina nguvu gani? Na vijana waliotazama sinema za kale zisizo na sauti huongeza: mbona nyota hiyo imo katika sinema za Wazungu pia?

Naam, imo. Katika Der Golem, sinema ya Ujerumani ya mwaka 1920, mwanachuoni wa Kiyahudi wa mji wa Prague afinyanga mtu wa udongo, naye hapati uhai mpaka abandikwe kifuani nyota yenye neno la siri ndani yake. Katika Metropolis ya Fritz Lang, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1927, nyota imechorwa mlangoni pa nyumba ya fundi Rotwang, na nyingine kubwa, kichwa chini, i ukutani nyuma ya mwanamke wa chuma aliyemuunda. Waliotengeneza sinema hizo walijua wafanyalo. Picha haikuweza kusema, basi alama moja ilitosha kumwambia mtazamaji kwamba hapa pana uchawi. Nguvu yote ilikuwa katika hofu ya mtazamaji. Nyota yenyewe ilikuwa pambo tu. Na tazameni mwisho wa Der Golem: kitoto cha kike chaichezea nyota ile kifuani, chaing'oa, na jitu zima laanguka chini.

Tusiwacheke Wazungu. Wao walijua kuwa ni mchezo. Sisi twaivaa shingoni mwa watoto wetu. Katika miji yetu, tangu Lamu na Mombasa mpaka hapa Kisumu, mtu huhesabiwa jina lake na la mamake kwa abjadi, hesabu ikagawanywa kwa 12, akaambiwa nyota yake ni Simba au Ng'e. Kisha hufunguliwa kitabu kama Shamsul Maarif, akaandikiwa muhuri, akatoa fedha na jogoo, akarudi nyumbani na hofu kubwa kuliko aliyokwenda nayo.

Na lililo baya zaidi, jambo hili hubandikwa jina la Nabii wa Mwenyezi Mungu. Someni Suratul Baqara, aya ya 102: humo Mola wetu amemtakasa Nabii Suleiman na uchawi, akabainisha kwamba mashetani ndio waliokufuru na kuwafundisha watu. Basi amwitaye Suleiman bwana wa mihuri na mazinguo amzulia Mtume aliyetakaswa na Qurani.

Wala hatusemi kwamba elimu ya nyota yote ni haramu. Katika Suratul An'am, aya ya 97, Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa nyota zimewekwa ili tuongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Wavuvi wa ziwa letu huwinda dagaa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa hupumzika: hiyo ni akili na uzoefu. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, giza lake likapita kaskazini ya Uganda na Turkana, na wanafalaki walikwisha kuitaja saa yake zamani. Hiyo ni hesabu. Lakini Mtume wetu (s.a.w.), jua lilipopatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim na watu wakasema limempatia yeye, aliwakataza, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, akawaamrisha kusali. Ikiwa jua lenyewe halina habari na mauti ya mwana wa Mtume, nyota ya wino yajuaje riziki yako?

Jamani, hasara si ya fedha tu. Mtoto ana homa, mamake amfunga muhuri na kungoja, hata afikishwapo hospitali wakati umekwisha. Na amwendeaye mpiga ramli akamwuliza jambo, imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba sala yake haikubaliwi siku 40. Ni nani awezaye kulipa ada hiyo?

Basi mwenye muhuri shingoni na auvue leo, kama kitoto kile kilivyoing'oa ile nyota. Mgonjwa na apelekwe kwa tabibu na aombewe dua. Mwenye shaka katika safari au ndoa na asali istikhara. Afaaye na adhuruye ni Mmoja.

Wabillahi taufiq.