Amana Iliyo Chini ya Sakafu

Gari la mafuta halikumdai mtu kiasi. Mwenye fedha ya kujaza tangi alijaza, na tangi lililojaa halikuzeeka upesi kuliko lililo nusu. Gari la umeme, hili linalochomekwa ukutani nyumbani, limekuja na sharti geni. Mwenye gari anaambiwa asijaze betri hadi juu kila siku na asiiache ishuke hadi chini, kwa kuwa betri nyingi za lithiamu hudumu zaidi zikikaa kati ya asilimia 20 na 80. Mkazi wa Kibaha anayeshuka Kariakoo asubuhi na kurudi jioni, safari ya kilomita zipatazo 80, anaweza kuupokea ushauri huo kama neno la fundi na kuuacha hapo. Mimi naona umebeba swali zito, ambalo wanasheria, masheikh na mapadri wamehangaika nalo karne nyingi: aliyenunua kitu amepata haki gani juu yake? Amepewa na ruhusa ya kukimaliza?

Tuanze na betri yenyewe. Ndani ya kila seli, chembe za lithiamu huhama upande mmoja kwenda wa pili wakati wa kuchaji, na hurudi wakati wa kutumia. Betri ikijazwa na kuachwa imejaa, tena kwenye joto, kemikali zake huanza kulana polepole, na sehemu ya lithiamu hunasa isirudi kazini tena. Hasara hiyo haitengenezeki kwa kuchaji upya. Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010 likiwa na betri ya uniti 24, halikuwekewa mfumo wa kupoza betri kwa maji, na kufikia mwaka 2012 wenye magari hayo katika joto la Arizona, Marekani, walikuwa wakilalamika kwamba vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi vinapungua mapema. Mkoa wa Pwani hauna jua la jangwani, lakini una joto lisilopoa vizuri hata usiku, na mengi ya magari ya umeme yanayotufikia yakiwa yametumika Japani ni ya namna hiyohiyo. Ndiyo maana kivuli cha mwembe ni kifaa halisi cha kutunzia betri. Anayerudi na gari la moto kutoka kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro afadhali alale kwanza, achaji usiku wa manane betri ikiwa imepoa. Zipo betri za aina nyingine, zenye chuma na fosfeti, ambazo hutakiwa kujazwa kabisa mara kwa mara ili kompyuta ya gari isipoteze hesabu. Mwenye gari ajue yake ni ipi kabla ya kuiga ya jirani.

Sharti la kutojaza hadi juu halionekani wazi popote kuliko kwenye mteremko wa kutoka Kisarawe. Gari la umeme, dereva anapoachia pedali, hugeuza mota yake kuwa jenereta. Mwendo unapungua na nguvu ya mteremko inarudi kwenye betri. Sasa mchukue dereva wa Kisarawe aliyelala na gari limechomekwa hadi asilimia 100. Alfajiri anaanza kushuka vilima vya Pugu kuelekea Gongo la Mboto. Mlima unampa umeme wa bure, naye hana pa kuuweka. Gari linakataa kuvuna, lile zuio alilolizoea mguuni linapotea, na anabaki kukanyaga breki za kawaida njia nzima, akiyeyusha kwa msuguano kile ambacho jirani yake aliyeishia asilimia 80 anakiweka akiba. Asiyelijua hili hushtuka na kudhani breki zimeharibika, akalipeleka gari kwa fundi kutafuta kasoro isiyokuwepo. Gari ni zima kabisa. Limejazwa hadi limekosa nafasi ya kupokea.

Sheria ya Warumi wa kale, ambayo bado inaishi ndani ya sheria za nchi nyingi, kama ilivyofupishwa na wanasheria wa baadaye, ilimpa mwenye mali mamlaka matatu: kutumia, kuvuna matunda, na kukimaliza au kukiharibu apendavyo. Watu wengi leo, hata wasiosikia habari za Warumi, wanaishi kwa hilo la tatu. Gari langu, fedha yangu, linakuhusu nini? Lakini Tanzania haikulikubali hilo kwa kila kitu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika dhidi ya umilikaji huria wa ardhi, akisema kwamba binadamu huweza kudai kilichotokana na jasho lake, na ardhi haikutokana na jasho la yeyote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaendelea na msimamo huo: ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye kiwanja chenye hati pale Picha ya Ndege, Kibaha, ana haki ya kukaa kwa muda ulioandikwa, hata miaka 99, kwa masharti ya kukiendeleza. Analala usingizi mzuri. Anajenga, anarithisha, anauza. Hakuna anayemwona mpangaji kwa sababu tu haki yake ina mipaka. Basi kwa nini tushangae gari linapotuambia kwamba na lenyewe lina masharti?

Dini zetu zilisema haya mapema. Waislamu husema amana na Wakristo husema uwakili, na Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu anaruhusiwa kuwa na mali yake, ila katika kuitumia aione kama iliyo kwa ajili ya wote. Hapa mwenye elimu ya fiqhi, sheria ya Kiislamu, atanizuia, na atakuwa na haki: kitu ulichowekewa amana hakitumiki bila idhini ya mwenyewe, na gari nimelinunua ili nilitumie. Ni kweli. Lililo karibu zaidi ni azima, ambapo unatumia kwa kadiri ya kawaida na kurudisha bila kuharibu. Hata hivyo maana pana ya amana, ile inayoingiza umri, mwili na elimu, haikatazi matumizi. Inakataza uharibifu na inadai hesabu. Mfano wa Injili kuhusu talanta unaongeza upande wa pili: mtumishi aliyefukia fedha ya bwana wake ili isipotee hakusifiwa. Betri nayo haitunziki kwa kufukiwa. Gari likiachwa miezi mitatu limejaa, huzeeka likiwa limesimama. Likiachwa karibu tupu, linaweza kufa kabisa. Na ile betri ndogo ya volti 12, inayowasha kompyuta na kufungua milango, huisha yenyewe taratibu, mwenye gari akarudi safari akakuta betri kubwa ina umeme tele na gari halifunguki. Anayesafiri kwa muda mrefu aiache kubwa karibu nusu, na aangalie maelekezo ya gari lake kuhusu ndogo.

Pingamizi kubwa ninalolijua ni hili: hizo zote ni kanuni za matunzo, na asiyezifuata amejitia hasara mwenyewe, dhambi iko wapi? Ningekubali, kama hasara ingeishia kwake. Lakini fuata waya. Soketi ya kawaida ya ampia 13 kwa volti 230 hutoa takribani kilowati 3, na ili kujaza uniti 24 itafanya kazi hiyo saa nane mfululizo. Pasi hutumia nguvu pungufu ya hizo kwa nusu saa, tena kwa kuwaka na kuzimika. Nyumba nyingi zilifungwa nyaya kwa ajili ya taa, televisheni na friji. Ekstensheni ya bei rahisi iliyokunjwa chini ya zulia hupata moto, plastiki hulainika, na chumba cha pili wamelala watoto. Baada ya nusu saa ya kuchaji weka kiganja kwenye plagi. Ikiwa huwezi kukiacha hapo, simamisha chaji kwenye gari kwanza, zima swichi, ndipo uchomoe, na usirudie hadi fundi umeme aweke laini ya peke yake kutoka kwenye meni suichi, yenye waya mnene na ethi inayofanya kazi. Ethi ndiyo inayopuuzwa sana, kwa sababu taa huwaka bila hiyo. Kwenye gari, bodi ni chuma, na atakayeligusa wa kwanza asubuhi, kwa miguu mitupu kwenye udongo uliolowa mvua, huenda akawa kijana anayeliosha.

Fuata waya mbele zaidi, hadi kwenye transfoma ya mtaa. Nyumba kadhaa zinagawana kinachopita pale. Saa moja jioni kila mtu amewasha, na mwisho wa laini umeme unakuwa mdogo, friji ya muuza juisi inanguruma bila kugandisha. Gari moja likichomekwa saa hiyo linaongeza mzigo wa nyumba kadhaa kwa mpigo. Saa saba usiku mzigo huohuo haumuumizi mtu. Mita ya LUKU haitofautishi nyakati hizo mbili, inakata uniti zilezile. Kwa hiyo fedha haitamfundisha mwenye gari kungoja. Kitakachomfundisha ni kumkumbuka jirani tu. Na ndani ya nyumba yenyewe, kama mita ipo kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, chaji tatu za kujaza betri ya uniti 24 ni uniti 72, zinabaki tatu kwa nyumba nzima, na zinazozidi hapo hulipiwa bei ya juu. Mwenye nyumba mwenye wapangaji wanaochangia mita moja asiseme hakujua.

Atajibu mtu kwamba umeme sasa upo wa kutosha, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na njia yake kuu inafika Chalinze, mkoani kwetu humuhumu. Sibezi hilo hata kidogo. Ni maji ya Rufiji yanayotuwashia taa, na ninalifurahia. Ila mafundisho ya Kiislamu yanakataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kando ya mto unaotiririka, na kadiri ninavyoyatafakari hayo, naona hayazungumzii kiasi cha maji kilichopo. Yanazungumzia mkono unaochota. Mto ni mpana, na waya unaoingia mtaani kwako ni mwembamba.

Amana hupimwa zaidi siku ya kuuza. Kasoro ya gari la mafuta husikika: injini inagonga, moshi unatoka. Betri iliyochoka hukaa kimya chini ya sakafu. Kwenye Leaf za mwanzo afya yake huonyeshwa kwa vijiti 12, na kumbukumbu ya kompyuta inaweza kufutwa ili vijiti virudi vyote kwa muda, mnunuzi akalipia masafa yasiyokuwepo. Fiqhi ya Kiislamu inamtaka muuzaji aitaje kasoro iliyofichika, na inampa mnunuzi hiari ya kurudisha akiigundua. Sioni sababu ya sheria hiyo kuwa ya ng'ombe na nguo peke yake. Mnunuzi naye asome betri kwa kifaa cha kupimia kinachounganishwa na simu, kisha aliendeshe gari kutoka chaji nyingi hadi ndogo, mfano Maili Moja hadi Mlandizi na kurudi, aone kama kilomita zilizoahidiwa na dashibodi zinalingana na za barabarani.

Limebaki pingamizi linaloniuma, kwa kuwa ni la mtu asiye na gari. Dei waka, dereva wa kutwa, wa bajaji ya umeme anadaiwa hesabu ya bosi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Ukimwambia aegeshe ikibaki asilimia 20, unamwambia awaache abiria ambao ndio chakula cha watoto wake. Zipo bajaji za namna hii zinazotumia betri za risasi na asidi, zinazoumia sana zikikamuliwa hadi mwisho. Je, kiasi si anasa ya mwenye nacho? Nakubali kwamba dereva huyo halaumiki. Lakini hilo halivunji hoja, linaipeleka kwa anayestahili kuulizwa. Aliyepanga hesabu isiyofikika bila kukamua betri ndiye aliyeikamua, hata kama hajawahi kushika usukani, na betri ikifa baada ya mwaka mmoja asimkate dereva fedha kwa uzembe. Akitaka kufanya haki, daftari lake la jioni liwe na safu mbili: ya shilingi, na ya asilimia zilizobaki wakati bajaji inarudi. Siku ambayo noti ni pungufu na chaji imebaki robo, aandike zote mbili, na asidai kilichopungua.