Elektroni na Swali la "Uliona?"

Juzi kwenye kikundi chetu cha vijana nilikuwa naeleza elektroni, ile chembe inayobeba umeme kwenye waya. Kijana mmoja akanikatiza: "Kaka, aliyeigundua aliiona?" Nikamwambia hapana. Akacheka. "Mbona sisi kwenye mahojiano tukisema hatukuona, inaandikwa hatujui?"

Siku ile sikuwa na jibu.

Mwaka 1897, huko Cambridge, Uingereza, J. J. Thomson alitumia chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Umeme ukipita ndani, mionzi inatoka upande mmoja na kuacha doa la mwanga upande wa pili. Mjerumani Heinrich Hertz alishajaribu kuipinda mionzi hiyo kwa nguvu ya umeme, ikakataa. Kumbe kosa lilikuwa hewa iliyobaki ndani. Thomson akaitoa zaidi, doa likasogea. Akalisogeza na kwa sumaku pia, akapiga hesabu. Akabadilisha gesi, akabadilisha chuma, jibu likabaki karibu lilelile. Ndipo akasema: hii ni chembe, uzito wake haufiki hata sehemu moja kwa elfu ya atomi ya haidrojeni, na imo ndani ya kila kitu. Alichokiona yeye ni doa tu.

Mwaka uleule, Berlin, Walter Kaufmann alipima mionzi hiyohiyo. Namba zake zilikuwa nzuri kuliko za Thomson. Lakini hakutangaza chembe yoyote. Mimi simcheki. Kuna watu hawapendi kusema zaidi ya walichoshika mkononi, na hapa kambini, penye uvumi mwingi hivi, watu hao tunawahitaji.

Ila namfikiria mama yangu. Hakuona nyumba yetu ikiungua. Aliona moshi upande wa kwetu, akakutana na majirani wanakimbia bila viatu. Alipoulizwa kama aliona, akajibu "hapana," maana mama hasemi uongo. Ikaandikwa hapana, basi. Ule moshi haukuandikwa popote.

Yule kijana ana mahojiano mwezi ujao. Jana tumekaa na daftari: alichoona mstari wake, alichosikia mstari wake, anachoamini mstari wake, na kwa nini anaamini. Hatukuongeza kitu. Mstari wa kwanza ulikuwa mfupi, akauangalia muda mrefu. Halafu akaomba karatasi nyingine kwa ajili ya ule wa mwisho.