Kumwita Kijana "Fundi"

Kwetu Issenye rika lina uzito. Sasa je, baba wa miaka 40 akiacha jembe akajifunze useremala kwa kijana wa miaka 22, amejishusha?

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Umri peke yake haumpi mtu ufundi. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, askari wa zamani, mwaka 1524 alikuwa na miaka kama 33, akaketi na watoto Barcelona kujifunza Kilatini.

Unyenyekevu ni kukubali ukweli: hili silijui, mwenzangu analijua. Asubuhi kijana anampa mzee shikamoo. Kwenye randa mzee anamwita fundi. Hakuna aliyepungua hapo.

Kwa hiyo mzazi wako akitaka kuanza upya, usimcheke. Mwombee, na umtafutie fundi mwenye adabu.