Vidole Vimekatika, Kesi Imefutwa

Tumchukulie kibarua wa karakana ya vyuma pale Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Mashine imemkata vidole viwili. Karatasi za hospitali anazo, mashahidi anao, na wakili amemfungulia kesi mbele ya hakimu mjini. Siku ya kusikilizwa, wakili wa mwajiri anasimama na pingamizi moja tu: mahakama hii haina mamlaka. Kesi inafutwa, ingawa hakuna aliyebisha kwamba vidole vilikatika.

Wengi hutoka hapo wakiamini hakimu amekula hongo. Hapana. Tangu uamuzi wa 1989 kuhusu meli Lillian S, ambapo Jaji Nyarangi alisema mahakama isiyo na mamlaka iweke zana zake chini papo hapo, huruma ya hakimu haiwezi kumsaidia mlalamishi.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inalipeleka dai kama hili kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo, na kesi zikaendelea kumiminika kwa mahakimu. Mahakama ya Rufaa ikabadilisha msimamo huo 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala. Wakili anayeng'ang'ania njia ya zamani hapotezi kidole. Anayeumia ni mteja wake, na hilo linaniudhi sana.

Usikubali pia kuambiwa kwamba faili itahamishwa tu. Mahakama ya Rufaa imeshikilia kuwa kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka haihamishiki.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa wakili, mwambie akuonyeshe kifungu kinachoipa nguvu mahakama anayotaka kupeleka kesi yako. Ajali ikitokea, mjulishe mwajiri kwa maandishi na ubaki na nakala, maana asipoarifiwa ndani ya miezi 12 haki ya mafao inapotea. Yeye ana siku 7 za kumpasha Mkurugenzi habari. Akinyamaza, nenda kwa Mkurugenzi mwenyewe. Ukiona uamuzi wa Mkurugenzi umekupunja, una siku 60 za kumpelekea pingamizi. Jibu lake lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Kisumu.