TAMARI ASINYAMAZISHWE

Masomo: 2 Samweli 13:1-22, Matayo 25:31-46, Waebrania 13:3



Leo Roho Mutakatifu anatupeleka pahali tusipopenda kutazama: nyuma ya mulango wa gereza na ndani ya kasho, kule mufungwa analala chini na ufunguo uko mukononi mwa mutu mwingine.

Mukumbuke Tamari, binti wa mufalme Daudi. Alitumwa kupelekea ndugu yake Amnoni chakula. Alikwenda kwa utii. Mulango ukafungwa, Amnoni akamubaka. Absalomu akamuambia dada yake anyamaze. Daudi akasikia, akakasirika, lakini hakufanya kitu. Katika nyumba ile kulikuwa makosa matatu: mukono wa Amnoni, kinywa cha Absalomu, na uvivu wa Daudi. Na baada ya miaka miwili damu ilimwagika katika nyumba ya mufalme.

Wandugu, Amnoni hajakufa. Lubumbashi si mbali nasi. Gari-moshi letu linafika kule. Katika gereza la Kasapa, tarehe 25 Septemba 2020, wafungwa waliasi na upande wa wanawake ukachomwa moto. Wamama wakabaki katikati ya wanaume kwa siku tatu, askari hawako ndani, na makumi yao wakabakwa. Kule Makala, Kinshasa, gereza lililojengwa kwa watu 1.500 lilikuwa na zaidi ya 12.000 wakati wafungwa walijaribu kutoroka, tarehe 2 Septemba 2024. Serikali ilitangaza wafu 129, na ikakubali kwamba wanawake walibakwa. Kule Goma, katika gereza la Muzenze, tarehe 27 Januari 2025, Umoja wa Mataifa ulisema zaidi ya wanawake 150 walibakwa, na wengi wao wakafa katika moto. Na katika gereza hilo la Goma wanawake walikuwa wamebakwa tayari wakati wa fujo ya Juni 2009. Kama kosa la kwanza lingeshugulikiwa, je, la pili lingekuja vile?

Mutu mumoja atasema: «Hao ni wezi na wauaji, wameyatafuta.» Ndugu, chunga ulimi wako! Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kufa mwaka 1921. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Makanisa ya manabii wa Afrika yalizaliwa na watu waliofungwa. Yosefu naye alifungwa bila kosa. Hata aliye na kosa, tribinali ilimunyanganya uhuru. Haikumupa mutu ruhusa ya kuchukua mwili wake. Mwili ule ni hekalu, akiwa mwanamuke, akiwa mwanaume. Ndiyo, hata wanaume na vijana wanabakwa humo, na haya inawafunga mara ya pili.

Sasa neno kwa ninyi wana wa kanisa munaovaa uniforme hapa Base na katika muji wa Kamina. Yesu alisema atakuja kama mufungwa. Siku utakapofungua kasho, nani analala pale? Mwanamuke asichanganywe na wanaume, na mutoto asichanganywe na wakubwa. Mwanaume asiingie peke yake upande wa wanawake. Kapita wa wafungwa asipewe ufunguo wala mamlaka juu ya miili ya wenzake. Mama anayeleta chakula, kama Tamari, asiombwe kitu kingine kwa kupita mulangoni. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaazibu ubakaji kwa miaka 5 mpaka 20. Na mulinzi akibaka mutu anayemulinda, azabu ya chini inaongezwa mara mbili. Musiseme hamukujua.

Kwenu jamaa: Katiba inasema polisi haiwezi kushika mutu katika kasho zaidi ya saa 48 bila kumupeleka mbele ya wakubwa wa sheria. Inasema tena kwamba mutu hafungwi kwa kosa la mwingine. Muke asishikwe kwa sababu bwana yake amekimbia! Mukisikia dada amelazwa kasho, mwende siku ile ile, wawili ao watatu, muulize jina lake na amewekwa wapi. Macho ya watu mulangoni ni ulinzi.

Na kwetu wachungaji na manabii, hapa ndipo nalia. Mutu akitoka kule na machozi, sisi tunamuambia: «Ungama kwanza, zambi gani ilileta hayo?» Tunamupa siku tatu za kufunga chakula na maji ya baraka. Wapendwa, siku tatu ni saa 72, na dawa ya kuzuia SIDA inapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora! Tukimukalisha kanisani tunamuua. Apelekwe hospitali kwanza, na mama mwenye moyo wa siri amusindikize. Asioge mbele munganga amuone, kama inawezekana. Nguo zake zitunzwe ndani ya karatasi. Maombi yatamufuata njiani, Mungu anasikia hata barabarani. Munganga aandike aliyoyaona, na mwenye kuumia, akikubali, apeleke mashitaki. Mbuzi na feza za kupatanisha jamaa hazifuti kosa hili. Na jina lake lisitajwe katika ushuhuda wala katika maono.

Wapendwa, Absalomu alimuambia Tamari anyamaze, naye akakaa ukiwa katika nyumba ya ndugu yake. Katika nyumba yetu asikae ukiwa. Apewe kiti chake, wimbo wake na kazi yake katika kanisa kama mbele. Hana zambi ya kuungama kwa jambo hili.

Tuombe. Ee Mungu wa Yosefu na wa Tamari, ingia kule sisi hatufiki. Ukamate mukono wa mubaya, uamushe Daudi anayelala, utufungue kinywa. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina!